Fundi wa Waifai Kirumba: 20,000 Yangu Imerudi

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nitaeleza ilikopotelea.

Mimi nauza sato na sangara wa kugandisha. Wateja wangu wengi wako Dodoma na Dar, tunaonana WhatsApp tu: alfajiri natoka soko la samaki la Mwaloni na mzigo, naurekodi video, mteja anachagua. Sasa video ya nusu dakika ilikuwa inazunguka hadi samaki wanaanza kutoa jasho mezani. Nikawa nimeshaamua kupandisha kifurushi kutoka megabiti 20 kwenda 40. Dada yangu akanizuia: muite kwanza yule kijana mwenye fremu ya simu kule chini barabarani, akija nyumbani anachukua 20,000.

Tulipatana saa nne asubuhi. Akatokea saa tisa. "Mwadila, mama," akanisalimu Kisukuma kana kwamba hakuna lolote. Nyota ikaanza kulegea hapo.

Ila kazi anaijua. Kwanza hakugusa kitu, alizunguka na simu yake chumba hadi chumba akipima spidi. Sebuleni megabiti 17, jikoni 6, chumba cha nyuma 2. Kisha akaitazama ruta yangu, kile kiboksi kinachorusha waifai, na kucheka. Ilikuwa juu ya friza, imebanwa ukutani, mbele yake ndoo mbili za maji ya akiba. "Mama, umeikalisha juu ya bati ukaizibia na maji. Vyote viwili vinakula mawimbi." Akaitundika koridoni, katikati ya nyumba, juu ya kimo cha mtu. Jikoni ikafika 11 kabla hajafungua mipangilio yoyote.

Mipangilio ndiyo nilikuwa naiogopa. Akaandika anwani ya ruta, 192.168.1.1, kwenye simu, ukurasa ukafunguka, jina admin, nenosiri admin. Miaka miwili nimeacha mlango wazi namna hiyo! Humo ndani tukakuta vifaa 16 vimeunganishwa. Kwetu vipo sita, ukihesabu na televisheni.

Akanionyesha na mitandao ya majirani. Huku mlimani nyumba zimepandana kama ngazi, kila mtu ana ruta yake, na karibu zote zilikuwa zimejazana chaneli ya 6, yaani njia moja ya mawimbi, yangu ikiwemo. Alivyonieleza nikaelewa: kwenye masafa ya gigahezi 2.4 chaneli zimekaribiana mno, zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu. Na ruta nyingi hujichagulia chaneli zinapowashwa, kwa hiyo umeme ukikatika na kurudi, mtaa mzima unaamka kwa pamoja na kugombania njia. Yangu akaifunga kwenye 11, ambako palikuwa na jirani mmoja tu, tena wa mbali. Upana wa chaneli akaushusha kutoka megahezi 40 hadi 20. Nilidhani ananipunja. Kumbe ukiwa mwembamba unapita vizuri penye msongamano.

Masafa ya pili ya ruta, ya gigahezi 5, akayapa jina lake la waifai peke yake: yana kasi zaidi lakini kuta zinayachosha haraka. Televisheni na simu yangu ya kazi, ambavyo viko karibu, vikahamia huko. Nenosiri la admin akabadilisha, la waifai pia.

Hapo nikaingiwa na huruma, nakiri. Miongoni mwa wale waliokuwa wakininyonya kuna binti wa jirani anayejisomea kidato cha nne. Kijana akaniambia ruta yangu inaweza kutoa mtandao wa wageni, akaufungua na kuuwekea kikomo cha megabiti 3. Binti anasoma, na mimi natuma video zangu kwa sekunde chache. Wale wengine sijui walikuwa nani, na hakuna aliyekuja kuuliza.

Sasa chumba cha nyuma. Nyumba yetu, kama nyingi za Mwanza, imeegemea jiwe. Jiwe hasa, kubwa kuliko daladala, na fundi wa zamani alilifanya nusu ya ukuta wa koridoni. Spidi mle imetoka 2 ikafika 4, basi. Wengine wangeniuzia antena. Huyu alipiga lile jiwe kofi akasema, "Huyu hana mipangilio. Hapa ni waya na kifaa cha pili, 70,000." Nimemwambia asubiri. Mwanangu kwa sasa anafanyia kazi zake za chuo barazani na hajalalamika, kuna upepo wa ziwa.

Nyota ya tano: saa tano za kungoja, na nenosiri jipya alilonichorea kwenye kipande cha boksi kwa mwandiko ambao nilimpigia mara mbili ili anisomee. Ukimwita, andika mwenyewe.