Kampuni Inayosafisha Udongo na Maji Chini ya Sheli Yetu: Maoni ya Mteja

Kiwanja cha marehemu baba, kilichoko pembezoni mwa barabara katika mtaa mmoja wa Dar es Salaam, kilipangishwa kwa mfanyabiashara wa mafuta kuanzia mwaka 1987, hadi alipofunga sheli yake na kutuachia matangi matatu ya chuma yaliyofukiwa ardhini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamtaka mchafuzi alipe, lakini mpangaji wetu hapatikani tena, na mkataba aliosaini baba haukuwa na hata mstari mmoja kuhusu matangi. Jirani wa upande wa bondeni alipotuambia kwamba maji ya kisima chake yananuka petroli, tulilazimika kutafuta watu wa kusafisha kwa gharama zetu. Kampuni tuliyoipata sitaitaja, kwa sababu kazi bado inaendelea na nina lawama nayo.

Wengi walioleta bei waliahidi kung'oa matangi, kuzoa mchanga unaonuka na kumwaga kifusi kipya ndani ya wiki mbili. Hawa peke yao walitaka kwanza kuchimba visima vinne vyembamba vya uchunguzi: vitatu kwa kuwa kwa pointi chini ya hizo haiwezekani kujua maji ya ardhini yanaelekea wapi, na cha nne upande yanakotoka maji, ili ijulikane kama uchafu ni wetu au tumeletewa. Uchafu ulikuwa wetu. Tangi la kati lilikuwa limeliwa na kutu upande wa chini, mahali ambapo hakuna jicho lingeweza kuliona bila kulitoa.

Walipima pia kisima cha jirani wa pili, ambaye maji yake hayakuwa na harufu yoyote na ambaye, kwa hiyo, alituona wasumbufu. Majibu ya maabara yalionyesha benzini, kemikali iliyomo ndani ya petroli, juu ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni mikrogramu 10 kwa lita. Mtaalamu wao alimweleza kwa upole kwamba pua ya binadamu huanza kuitambua benzini katika maji inapokaribia miligramu 10 kwa lita, yaani mara 1,000 ya kiwango hicho, na kwamba kemikali hiyo husababisha saratani ya damu. Siku hiyo hiyo mzee alizima pampu yake.

Jambo lililonifanya niwaamini, hata hivyo, lilitokea baada ya masika. Mnamo Mei, visima vya uchunguzi havikuonyesha tena utando wa mafuta juu ya maji, na mimi nilikuwa tayari kusaini kwamba kazi imekwisha. Wao walikataa. Petroli ni nyepesi kuliko maji na huelea juu yake; mvua zinapopandisha maji ya ardhini, sehemu ya mafuta hunaswa kati ya chembe za mchanga chini ya usawa mpya wa maji na kutoonekana kisimani, na kiangazi kikiyashusha maji, mafuta hayo huachiliwa na kujikusanya upya. Mnamo Septemba utando ulirudi kama walivyosema. Kampuni inayotafuta hati ya malipo ya mwisho ingenyamaza mwezi Mei, nami nisingejua.

Usafishaji wenyewe ulifanywa kwa pampu ya kunyonya hewa kutoka kwenye mchanga ulio juu ya maji, ili mvuke wa petroli utoke na kupitishwa kwenye mapipa ya mkaa maalumu unaonasa kemikali. Njia hiyo inafaa kwa mchanga wa kwetu unaopitisha hewa. Penye mfinyanzi ingekwama. Kwa tangi la dizeli, ambayo haigeuki mvuke kwa urahisi, walipunguza mwendo wa pampu ili hewa safi iwafikie bakteria wa udongoni wanaokula mafuta. Kazi hii ni ya polepole, na walisema hivyo tangu mwanzo.

Lawama zangu zinahusu mambo ya chini kuliko sayansi yao. Mchanga uliotolewa pamoja na matangi ulikaa siku tisa uani bila turubai, ukisubiri kibali cha kusafirisha taka hatarishi ambacho kilipaswa kuombwa kabla ya eskaveta kufika, na mvua moja iliurudisha sehemu ardhini. Gharama ya kubadilisha mkaa, ambayo iligeuka kuwa kubwa, haikuandikwa kwenye makadirio. Ripoti ililetwa kwa Kiingereza tupu, kurasa zaidi ya 80, wakati wanaokunywa maji yale ni majirani waliohitaji ukurasa mmoja wa Kiswahili. Niliuandika mwenyewe, wakausahihisha bila malipo.

Ningewakodi tena, ila kibali cha taka na bei ya mkaa vingekuwa mezani kabla sijatoa malipo ya awali. Kwa sasa visima viwili vya uchunguzi vimeshuka chini ya kiwango kwa vipimo vinne mfululizo, vya kiangazi vikiwemo. Kile kinachoelekea kwa jirani wa bondeni bado kiko juu, pampu imewashwa tena upande huo, na nyumba yake inaendelea kununua maji ya boza, ambayo tunayalipia sisi.