The Long Road Home ya John Fogerty: nyimbo za mtu mmoja, hatimaye kwenye albamu moja

Habari zenu wapenzi watazamaji, karibuni sana. Leo tunaichambua The Long Road Home, mkusanyiko wa John Fogerty, mwanamuziki wa rock wa Marekani, uliotoka mwaka 2005, nyimbo 25. Tazameni jalada: lipo jina lake, na lipo pia jina la Creedence. Mtu asiyejua kisa ataona ni kawaida tu, mwimbaji na bendi yake ya zamani. Kumbe kabla ya hapo haujapata kutoka mkusanyiko uliochanganya nyimbo za bendi na zile alizotoa peke yake.

Kisa chenyewe kinauma. Creedence Clearwater Revival walikuwa vijana wanne wa El Cerrito, California: John, kaka yake Tom, Stu Cook kwenye besi na Doug Clifford kwenye ngoma. Mwaka 1969 peke yake walitoa albamu tatu. John alitunga karibu kila kitu, akaimba, akapiga gitaa la solo. Mara tano nyimbo zao zilifika nafasi ya pili kwenye chati ya nyimbo ya Billboard huko Marekani, namba moja hawakuishika hata siku moja. Bendi ikavunjika 1972. Haki za nyimbo zilikuwa mikononi mwa Fantasy, kampuni iliyotoa rekodi zao, na John, ili ajinasue na mkataba, akaachia mirabaha yake. Kwa uchungu akakataa kuziimba nyimbo hizo jukwaani miaka na miaka, hadi 1987.

Halafu sikilizeni hili. Mwaka 1985 alirudi na albamu ya Centerfield, vyombo vyote kapiga mwenyewe. Ndani yake kuna The Old Man Down the Road. Fantasy wakamfikisha mahakamani wakidai wimbo huo umenakiliwa kutoka Run Through the Jungle, wimbo wa Creedence wa 1970 alioutunga yeye mwenyewe! Mwaka 1988, huko San Francisco, alitoa ushahidi akiwa na gitaa mkononi, akawapigia jopo la raia walioamua kesi wasikie namna anavyotunga. Akashinda. Suala la gharama za mawakili likapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1994 nako akashinda. Mwaka 2004 Fantasy ikanunuliwa na kampuni nyingine ya muziki, Concord, wakamrudishia mirabaha, naye akarudi kwenye kampuni. Mzigo wa kwanza baada ya kurudi ndio huu.

Sasa muziki. Albamu inafunguka na Born on the Bayou, na hapo naomba muweke spika nzuri au vipokea sauti. Gitaa linaingia peke yake, linatetemeka, kila noti inaning'inia kidogo kabla ya kuzama. Ngoma haziharakishi. Kisha inakuja ile sauti ya kukwaruza, na unaapa huyu mtu kazaliwa kwenye vinamasi vya Louisiana. Hapana, ni mtoto wa California. Hayo mandhari yote aliyajenga kichwani, kwa santuri za blues, country na rock and roll alizokua akizisikiliza, na watu wa Kusini mwa Marekani wenyewe wakamwamini.

Nyimbo hazikupangwa kwa miaka. Unatoka Bad Moon Rising ya 1969, mara umo kwenye Centerfield ya 1985. Najua wapo wanaolalamikia mpangilio huu, lakini mimi nauunga mkono kabisa. Ukizisikia zikifuatana hivyo, unatambua mkono ni uleule: maneno machache, gitaa lenye kiini kimoja kinachorudiwa, kiitikio ambacho mtoto anakishika mara ya pili. Ile mipaka ya mahakamani huisikii popote.

Pale moyo wangu uliposimama ni Fortunate Son na Deja Vu. Fortunate Son ni ya 1969, vita vya Vietnam vimepamba moto. Inawaka kwa hasira dhidi ya watoto wa wakubwa wanaopeperusha bendera huku vitani wanakwenda wengine. John mwenyewe alikuwa ametumikia jeshi la akiba, anajua anachosema. Miaka 35 baadaye, wakati wa vita vya Iraq, akaandika Deja Vu. Safari hii hapigi kelele. Anaimba taratibu, gitaa limepoa, anahesabu maiti zinazorudishwa nyumbani. Zisikilize zote mbili siku moja utanielewa.

Kasoro ipo. Baadhi ya nyimbo ni rekodi za jukwaani, na zinakatiza. Uko ndani ya studio, umezama, ghafla unasikia umati unashangilia. Anaimba vizuri, sibishi, ila ningeziweka kwenye diski yake tofauti. Proud Mary sina haja ya kuieleza. Wengi mliijua kwa Tina Turner, sasa msikilizeni aliyeitunga, utulivu wake ni tofauti kabisa.

Je, ununue? Kama unayo Chronicle, ule mkusanyiko wa Creedence wa 1976 wenye nyimbo 20, nusu ya safari tayari unayo, na kwa Creedence pekee bado ndio chaguo langu. Lakini kama hujawahi kumsikia Fogerty kabisa, chukua hii. Na usiiwekee mpangilio wa kubahatisha kwenye simu. Anza wimbo wa kwanza, iache iende.