Rivyu ya meza ya vitabu vya mtumba Posta: nilifuata pasti pepa nikarudi na Sunny

Jamani kwanza niseme mapema, hili sio duka, ni meza. Meza mbili za mbao zimebanana ukutani kwenye kichochoro kimoja pale Posta, Dar, juu kuna turubai la bluu lenye matundu, na mwenye meza ni mzee mmoja tunamwita Anko tu, jina lake silijui na hata ningelijua nisingeliweka hapa. Nimenunua kwake tangu niko form tuu mpaka nimemaliza form siksi kwa hiyo naona nina haki ya kutoa nyota. Natoa nne. Ya tano naishikilia, sababu nitaisema hukohuko mbele.

Wengi wanaosimama pale wanatafuta pasti pepa na tahakiki, mnavijua vile vijitabu vinavyokutafunia riwaya mpaka unaingia chumba cha mtihani wa taifa wa NECTA hujawahi kuifungua riwaya yenyewe. Hiyo ndo meza ya mbele. Ya nyuma ndo yangu: maboksi ya vitabu vya Kiingereza vya mtumba, vingi vina mihuri ya maktaba za Uingereza na Marekani, na ndani unakutana na maisha ya watu, tiketi ya basi, jina la mtoto limeandikwa kwa kalamu ya zambarau, kimoja nilikuta risiti ya samaki na chipsi ya kule kwao na wino haujafutika. Bei inaanzia buku mbili, ukija na heshima na ukamsalimia vizuri shikamoo yake unaondoka na vitatu kwa elfu kumi.

Sasa boksi la vijana. Hapa lazima niwe mkweli kwamba mi sio mtu wa kujifanya nasoma vitabu vizito, nasoma mahaba, nasoma vampaya, nasoma wale watoto wanaofungiwa kwenye uwanja wa kuuana wabaki wawili, nalia vizuri tu. Ila baada ya vitabu kama 40 hivi unaanza kuona kitu. Wote wana loka, yale makabati ya shuleni. Wote wana ile sherehe ya kufunga shule ya magauni marefu, promu, ambayo mi naijua mpaka ratiba yake na sijawahi kuiona kwa macho. Wote theluji inawanyeshea siku ya kubusiana. Na ukimkuta mtu mweusi ni yule rafiki wa mhusika mkuu, mcheshi, anatoa ushauri, ukurasa wa 200 anakufa au anahama mji. Mwislamu ndo usiseme, akiwepo ni muuza duka. Nilishawahi kumwambia Anko "shikamoo Anko, hivi huna kitabu chenye msichana amevaa hijabu ambaye haolewi kwa nguvu?" akacheka mpaka akaweka miwani pembeni, akasema "marahaba binti, mimi naletewa boksi limefungwa, silipigii kura".

Ndo uhalisia huo. Mtumba wa vitabu ni kama mtumba wa nguo, unavaa alichochoka mwenzio.

Upande wa Kiswahili nako kuna shida yake, tena msinitukane, naipenda lugha yangu kuliko baadhi ya ndugu zangu. Vitabu vingi vya vijana tulivyopewa shuleni vinakushika mkono kama mgambo. Msichana anatongozwa ukurasa wa 10, ukurasa wa 40 ana mimba, ukurasa wa 70 ameathirika, mwisho kuna mzee anatoa hotuba. Naelewa vimeandikwa kwa nini, ukimwi ulikuwa unaua watu, ila mtu wa miaka 15 akishasoma vitatu vya hivyo anaamini fasihi ni tawi la wizara ya afya.

Sasa siku ya tukio. Nimeenda kufuata pasti pepa za Kemia, Anko akanitolea kitabu kutoka chini ya meza, akasema "hiki nilikuwekea, mwandishi jina kama la Kinigeria". Akata Witch, Nnedi Okorafor, cha 2011. Nigeria wenyewe na Uingereza kilitoka kwa jina lingine, What Sunny Saw in the Flames, kwa hiyo mkikiona hicho msije mkanunua viwili mkidhani ni tofauti. Alitaja elfu nane, nikatoa sita, pasti pepa za Kemia hazikununuliwa na matokeo ya Kemia mnayajua.

Mhusika mkuu ni Sunny, ana miaka 12, kazaliwa New York, wazazi Wanigeria, wamerudi kuishi Aba. Na ana ualbino. Nilisimama palepale kichochoroni nikasoma kurasa kama 20 watu wananipita na mikokoteni, maana sijawahi, nasema sijawahi, kuona binti mwenye ualbino kawekwa kuwa shujaa wa kitabu cha uchawi. Anapenda mpira kufa ila anacheza usiku kwa sababu ya jua. Ana marafiki watatu na kila mmoja ana kitu ambacho dunia inakiita kasoro, Orlu herufi zinamchanganya, Sasha kaletwa kutoka Chicago kwa sababu ya matatizo na polisi, Chichi anaishi kwenye kibanda na mama yake ila kichwa chake kinahifadhi kila kitu anachosoma, na kwenye ulimwengu wa siri wa wachawi wanaouingia, kilekile walichochekewa ndo nguvu yao inapotokea. Afu kuna kitu kinaitwa chittim, ni pesa, ukijifunza jambo jipya zinadondoka kutoka hewani mbele ya miguu yako. Yaani unalipwa kwa kuelewa. Mimi na Kemia yangu ningekufa maskini ila wazo limenikosha.

Kwa nini limeniingia hivi, lazima niwarudishe form thrii. Deskmeti wangu, besti yangu mpaka leo, ana ualbino. (Nimemuomba ruhusa kabla ya kuandika, kasema andika ila jina langu liache.) Tulikuwa tunasoma Takadini ya Ben Hanson kwenye Kiswahili. Sasa Takadini ni kitabu kizuri, sikisemi vibaya, Sekai anavyotoroka na mwanae mwenye ualbino ili asiuawe, yule kijana anavyokua anapiga mbira, Shingai anavyomchagua yeye badala ya mwanaume aliyepangiwa, vyote vizuri. Ila mwalimu alivyofika ile sehemu mtoto anazaliwa na watu wanaona rangi yake, darasa zima, watu sitini na kitu, likageuka nyuma kumwangalia besti yangu. Kama vile kaletwa kielelezo. Yeye akainama chini ya dawati kutafuta kalamu. Kalamu ilikuwa mkononi. Akakaa kule chini mpaka mwalimu kafungua ukurasa mwingine, na baada ya hapo ndo tukaambiwa "jadilini dhamira ya ukombozi" na wapo walioandika mambo ya huruma wakipata alama nzuri huku wakati wa mapumziko wanamwita lile neno.

Jina lenyewe Takadini maana yake "tumefanya nini". Fikiria unaitwa hivyo kila siku. Huyu mwingine anaitwa Sunny, jina lenye jua ndani yake, kitu hichohicho kinachomuunguza. Nilivyoligundua hilo nilikaa dakika kadhaa nimekifumba kitabu.

Basi nikampelekea besti. Tatizo la kwanza, herufi. Kitabu cha mtumba kile kidogo, herufi kama siafu, na yeye macho yake hayaoni mbali, anasoma pua ikigusa karatasi na baada ya kurasa mbili kichwa kinauma. Kitabu kinachomhusu yeye kimechapwa kwa watu wasio yeye! Hapo sijui nimlaumu nani. Tukaamua mi nasoma kwa sauti, usiku hosteli baada ya prepu, natafsiri palepale kwa Kiswahili cha kwetu Tanga, yeye anaandaa losheni yake ya jua ya Kilisun inayotengenezwa KCMC Moshi kwa ajili ya kesho, na wengine vitanda vya jirani wanajifanya wamelala ila nikisita kuendelea mtu anauliza gizani "enhe, ikawaje". Wiki mbili hivyo. Mhalifu wa kitabu anateka watoto, na kuna usiku niliruka aya moja maana kwetu Tanzania mambo ya kuwateka watu wenye ualbino sio hadithi, akaniambia "umeruka, rudi". Nikarudi.

Tukafika Sunny akishaingizwa kwenye ule ulimwengu, jua halimuunguzi tena kama zamani na anaweza kucheza mpira mchana kweupe kwenye tamasha mbele za watu. Bwenini watu wakapiga makofi. Mi mwenyewe sauti imepanda. Besti kimya. Nikamuuliza vipi, akasema, "Kwa hiyo ili acheze ilibidi wamponye kwanza?"

Sikuwa na jibu na sina mpaka leo. Mimi niliona ushindi, yeye kaona mtu kama yeye kaondolewa kimyakimya katikati ya kitabu. Baadae akasema bado anakipenda, anampenda Sunny anavyojibu kaka zake, ila angetaka kimoja, kimoja tu, ambapo binti anajipaka losheni yake, anavaa kofia yake pana, anaingia uwanjani saa kumi jua limelegea na anafunga goli na stori inaendelea na mambo mengine. "Mi kila tarehe 13 Juni, siku ya ualbino duniani, nakuwa mada," alisema, "nataka siku moja niwe stori." Tukalala.

Tangu hapo nikienda kwa Anko naangalia boksi kwa jicho lingine, na siogopi kusema ninachotaka. Nataka kitabu cha Kiswahili cha vijana ambacho binti wa Kitanga mwenye hijabu anatafuta nani kaiba hela za madrasa na hijabu yake haitajwi zaidi ya mara mbili. Nataka mvulana kiziwi wa Mwanza aliyependa mtu asiyejua lugha ya alama na hiyo ndo vichekesho vyote. Nataka Mmasai ambaye sio mlinzi. Nataka mtoto wa Kigoma ambaye bibi yake alivuka ziwa kutoka Kongo na nyumbani wanachanganya lugha tatu kwenye sahani moja ya dagaa. Na sihitaji wote wawe wema! Nipeni mwenye ualbino mwongo, mbeya, aliyemuibia besti yake mchumba, huyo ndo nitaamini mwandishi anatuona kama watu.

Kitu kinachonipa moyo ni kwamba inawezekana, maana kwenye meza hiyohiyo nilipata Siku Njema ya Ken Walibora, Mungu amrehemu, ina muhuri wa shule ya Kenya sijui ilivukaje mpaka. Imetoka 1996, mi sijazaliwa. Ukifungua uko Tanga, mama mwimba taarabu, mtoto wake Kongowea anaondoka kwenda Kenya kumtafuta baba. Mkenya kaandika Tanga yangu na nilikuwa nakaa nasoma huku nasikia harufu ya bahari ya Raskazone. Buku tatu tu. Mtoto mwenye shida zake, ndio, ila ana safari, ana akili, ana mapenzi, sio bango la barabarani.

Kuhusu ile nyota ya tano sasa. Sio kosa la Anko kwa boksi, nimeshasema halipigii kura. Ila vitabu vya Kiswahili kavipanga chini kabisa, karibu na mfereji, vya Kiingereza juu. Mvua ya mwezi wa nne ikija vinavyolowa ni vya kwetu. Nilimwambia, akasema vya Kiingereza ndo vinatoka haraka. Nikamwambia havitoki kwa sababu viko chini Anko, mtu gani ainame na sketi ya shule. Akaguna. Mara ya mwisho nilivyopita vimepandishwa nusu, ngoja nione msimu wa masika.

Mkilinganisha na lile duka la kwenye mall nililoenda na mama mwezi uliopita, jina silisemi, mlinzi alitufuata rafu kwa rafu kama tumekuja kuchota mafuta, kitabu kimoja cha vijana elfu 45, na sehemu ya Afrika ilikuwa picha za tembo na mapishi. Kiyoyozi kizuri lakini.

Mambo ya kujua: nenda Jumamosi kabla ya saa nne asubuhi, mabingwa wa kuchambua maboksi wanawahi. Kagua kurasa za mwisho kabla hujalipa, mimi nimeshauziwa kitabu cha mauaji hakina kurasa sita za mwisho na muuaji simjui mpaka leo. Beba noti ndogo. Ukitaka kitu maalum anaandika kwenye daftari lake la bluu na kweli anatafuta, mi nimeandikisha muendelezo wa Sunny, Akata Warrior wa 2017, yeye kauandika "Akata Woria wa binti Tanga".

Kwa hiyo mkiukuta pale mezani, ni wangu. Besti anasubiri nisome, na safari hii kasema kofia yake pana anaileta hukohuko kitandani kwa ajili ya kumsindikiza Sunny.