Kukodi gari safarini: kampuni niliyorudi kwake na ile nisiyorudi tena

Nimetembea na magari ya kukodi kwa miaka kadhaa, kikazi na kifamilia, na ninaandika haya kwa sababu maoni mengi ninayosoma kuhusu huduma hii huishia kwenye mambo mawili: bei ilikuwa nzuri, gari lilikuwa safi. Hayo hayamsaidii mtu anayetaka kujua atakuwa mikononi mwa nani. Kuosha gari kila kampuni inaweza. Kinachotenga kampuni na kampuni ni inavyokukabidhi gari, inavyolipokea unaporudi, na inavyokutendea mambo yakiharibika katikati ya safari.

Kampuni ninayoisifu hapa ni ndogo, haina matangazo makubwa, na bei yake haikuwa ya chini kuliko zote nilizolinganisha. Nilichukua gari kwao kwa safari ya familia, watu wazima, mtoto na mizigo yao.

Nianze na kuagiza mtandaoni. Utaonyeshwa picha ya gari zuri, na chini yake pameandikwa kwamba utapewa hilo au linalofanana nalo. Hayo maneno ya chini ndiyo yenye uzito. Unachokodi hasa ni daraja la gari, na kampuni nyingi za kimataifa huliandika daraja hilo kwa herufi nne: ya kwanza hueleza ukubwa, ya pili umbo, ya tatu gia, ya nne aina ya mafuta na kama kuna kiyoyozi. Ukiona ECMR, ujue ni gari dogo la bei nafuu, la gia za mkono, lenye kiyoyozi. Ikikaa A mahali pa M, gari ni la otomatiki. Nilimwona msafiri mmoja kaunta amekabidhiwa funguo za gari la gia za mkono ilhali maisha yake yote ameendesha otomatiki, na otomatiki siku ile zilikuwa zimekwisha. Alikuwa na familia nzima nyuma yake na masanduku. Kampuni niliyoipenda ilinipigia simu kabla ya safari kuuliza jambo hilohilo: unaendesha gia gani, na mizigo ni mingi kiasi gani? Sijaulizwa hivyo kwingine kokote.

Kaunta ndiko fedha zinakoongezeka. Kwanza amana. Kiasi hicho hakikatwi, kinazuiliwa tu kwenye kadi mpaka gari lirudi, lakini kwa mtu aliye safarini fedha iliyozuiliwa ni sawa na isiyokuwepo. Kampuni nyingi hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe. Ukija na kadi ya kawaida ya benki, au kadi ya mumeo, unaweza kurudishwa mikono mitupu ingawa umeshalipa. Dereva aliye chini ya miaka 25 mara nyingi hutozwa zaidi, na dereva wa pili naye huandikwa na mara nyingi hulipiwa. Kibali cha kimataifa cha udereva nacho huulizwa katika nchi nyingi. Kinatokana na mikataba ya usafiri wa barabarani, wa Geneva wa mwaka 1949 na wa Vienna wa mwaka 1968. Cha mkataba wa kwanza hudumu mwaka mmoja, cha pili hakizidi miaka mitatu, na vyote viwili havifai kitu bila leseni yako halisi mkononi.

Halafu inakuja bima, na hapa nataka kukaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoumizwa.

Ulinzi dhidi ya uharibifu unaouziwa pamoja na gari kwa kawaida ni ahadi ya kampuni kwamba haitakudai hasara yote gari likigongwa. Kuna sehemu ya mwanzo ya hasara ambayo utaibeba mwenyewe, na sehemu hiyo inaweza kuwa kubwa kuliko gharama yote ya kukodi. Ukitaka ipungue au iondoke, unalipia ziada kwa kila siku. Na hata ukilipia, soma yaliyoachwa nje: mara nyingi ni matairi, ringi, vioo, paa na sehemu ya chini ya gari. Yaani palepale ambapo barabara mbovu hupiga kwanza. Ukimpa usukani mtu ambaye jina lake haliko kwenye mkataba, ulinzi wote unaanguka. Ukijaza petroli kwenye gari la dizeli, au ukipoteza funguo, gharama kwa kawaida ni yako.

Kwingine nimeambiwa, huku kalamu ikisogezwa kwangu, kwamba kila kitu kimo ndani, nitie sahihi tu. Katika kampuni hii kijana aliyenihudumia aliigeuza karatasi upande wangu, akaweka kidole kwenye mstari. "Kaka, hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Tairi na kioo cha mbele havimo humu. Ukitaka viwemo ni bei hii, usipotaka ni sawa, lakini ujue." Nilikataa kwa hiari yangu, nikiwa najua ninachokikataa. Hiyo ndiyo huduma ninayolipia. Mtu anayeuza ulinzi kwa kumtisha mteja, au kwa kumficha mipaka yake, anafanya jambo baya hata kama sheria inamruhusu.

Tukaenda kwenye gari. Alikuja nami, tukalizunguka pamoja mchana kweupe, si ndani ya gereji yenye giza. Kila mkwaruzo aliuandika kwenye fomu, hata ule mdogo kwenye ukingo wa bampa ya nyuma ambao mimi nilikuwa nimeuruka. Tulitazama ringi zote nne, kioo cha mbele kama kina alama za mawe, paa, vioo vya pembeni. Nilipiga picha zangu pia, na sikuona akikunja uso. Nashauri kila mtu apige: pande zote, ringi kwa karibu, na dashibodi ikionyesha kilomita na geji ya mafuta.

Jambo ambalo wengi hawaliangalii ni tairi. Ubavuni mwake kuna msimbo ambao tarakimu zake nne za mwisho husema lilitengenezwa lini: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na kashata zake, yaani meno yanayoshika barabara, zikibaki na kina cha chini ya milimita 1.6, katika nchi nyingi gari hilo halitakiwi kuwa barabarani. Kisha fungua buti uone kama kuna spea, jeki na spana ya kufungulia nati. Magari mengine siku hizi hayana spea kabisa, yana dawa ya kuziba na pampu ndogo, na hayo ni bora uyajue ukiwa bado mlangoni pao.

Letu lilikuwa na spea nyembamba, ile isiyotakiwa kwenda zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Tuliihitaji. Tairi la nyuma lilipata pancha mbali na mji, jua likiwa linashuka, na nilipowapigia, swali la kwanza halikuwa kuhusu gari. Waliuliza kama tuko mahali salama na kama mtoto yuko sawa. Baadaye ndipo wakanielekeza nifunge spea, niende polepole kwa fundi aliye karibu, nitunze risiti. Walipiga tena baada ya muda kuhakikisha tumefika. Pancha niliilipa mwenyewe kama mkataba ulivyosema, na hawakudai tairi jipya wala ada yoyote juu yake. Sikuwa na la kulalamika.

Ninalinganisha na kampuni nyingine, kubwa, ambayo nilikuwa nimekodi kwake kabla. Nilirudisha gari jioni, ofisi imefungwa, nikaelekezwa kwa ujumbe nitumbukize funguo kwenye kisanduku. Majuma yakapita. Kisha ikaja barua ya kudai ringi iliyokwaruzika: gharama ya matengenezo, gharama ya siku ambazo gari halikufanya kazi, na ada ya kushughulikia faili. Nilikuwa na picha za ringi ileile nilizopiga pale maegeshoni, zikiwa na saa na tarehe, nzima kabisa. Nikawaandikia nikiomba vitu vitatu: picha yao yenye tarehe, ankara ya fundi, na uthibitisho kwamba hakuna mteja mwingine aliyelichukua gari kabla ya ukaguzi wao. Hawakutuma hata kimoja. Baada ya barua kadhaa waliandika kwamba dai limefutwa, bila neno la pole. Kama nisingekuwa na zile picha, ningelipa. Ninawafikiria walio na umri mkubwa, au wasiojua lugha ya mkataba, wanaopata barua kama ile na kulipa kwa hofu.

Na si jambo la mtu mmoja. Barani Ulaya malalamiko yalifikia hatua ambayo mamlaka za kulinda walaji, pamoja na Tume ya Ulaya, zilizibana kampuni tano kubwa: Avis, Enterprise, Europcar, Hertz na Sixt. Mwaka 2017 Tume ilitangaza kwamba kampuni hizo zimebadilisha taratibu zao, ili bei inayoonyeshwa iwe na gharama zote zisizoepukika, bima na mafuta vielezwe waziwazi, na mteja apate nafasi ya kupinga dai la uharibifu kabla fedha haijachukuliwa kwenye kadi yake. Hilo la mwisho ningependa liwe sharti kila mahali duniani.

Kuhusu mafuta nina machache. Chagua utaratibu wa kuchukua tangi limejaa na kulirudisha limejaa, ujaze karibu na ofisi yao, utunze risiti. Kununua tangi zima mapema kunakupotezea kila lita utakayoirudisha. Saa nazo zihesabu: siku ya kukodi kwa kawaida ni saa 24 tangu ulipochukua gari, na kuchelewa kunaweza kukutoza siku nzima ya ziada. Faini za barabarani hukufuata nyumbani, na mara nyingi kampuni huongeza ada yake kwa kupeleka jina lako kwa wahusika.

Siku ya kurudisha, yuleyule kijana alitoka na fomu ileile. Tukalizunguka gari tena, akafananisha alama moja baada ya nyingine, akatia sahihi kwamba hakuna kipya, akanipa nakala. Amana iliachiliwa ndani ya muda waliosema.

Nina mawili wanayopaswa kurekebisha, na nimewaandikia. Foleni ya asubuhi ni ndefu kwa sababu mtu mmoja anafanya kaunta na ukaguzi peke yake. Wazee walikuwa wamesimama, viti hakuna. La pili ni zito zaidi. Kiti cha mtoto nilichoagiza mapema hakikuwa tayari, wakaleta cha mtoto mkubwa kuliko wetu, tukasubiri karibu saa nzima hadi kinachomfaa kikapatikana. Walikuwa waungwana, hawakututoza kile kiti, lakini mzazi mwenye haraka angeweza kukubali kile kikubwa na kuondoka. Kiti kinapaswa kuulizwa kwa uzito na urefu wa mtoto wakati wa kuagiza, kikafungwe na kukaguliwa kabla mteja hajafika. Wamejibu kwamba wameongeza swali hilo kwenye simu wanayopiga kabla ya safari.