Mtego wa nzi wa matunda kutoka Kariakoo: unanasa madume, majike wanabaki

Mtego ninaouzungumzia unapatikana katika maduka ya pembejeo za kilimo Kariakoo. Ni kopo la plastiki lenye mfuniko wa njano na matundu ubavuni, na ndani yake mnaning'inia kipande kilicholoweshwa methili eujenoli, kemikali yenye harufu inayowavuta nzi hawa, pamoja na sumu ya wadudu. Niliutundika kwenye miembe ya dodo na bolibo nyumbani Goba tangu maembe yakiwa machanga hadi msimu ulipokwisha, na kwa kazi uliyotengenezewa ninauona kuwa mtego mzuri, unaostahili fedha yake. Kasoro kubwa iko kwenye karatasi ya maelezo, inayomwahidi mnunuzi kuwa nzi wote wa matunda wataangamia. Ahadi hiyo si ya kweli, na sababu imo katika namna nzi hawa wanavyojamiiana.

Methili eujenoli huwavuta madume. Dume akiila, mwili wake huibadilisha kuwa viambato vingine vinavyohifadhiwa kwenye tezi iliyo karibu na njia ya haja, na jioni giza linapoanza kuingia huviachia hewani ili kuwaita majike. Dume aliyekwisha kuila hupata majike kwa urahisi kuliko yule ambaye hajaipata, ndiyo maana huifuata kwa nguvu kiasi hicho. Kemikali hii imo kwa asili katika mimea kadhaa, ikiwemo baadhi ya mirihani, lakini kopo linatoa harufu kali kuliko ua lolote la bustanini. Nilipowamwaga nzi waliokufa kwenye sahani nyeupe na kuwatazama kwa lenzi ya mkononi, niliona michirizi ya njano ubavuni mwa kifua, alama nyeusi yenye umbo la T juu ya tumbo, na mkia butu. Jike ana mrija uliochongoka wa kutagia, na mrija huo sikuuona kwa nzi hata mmoja. Wakati huohuo, chini ya mwembe yaliendelea kuanguka maembe yenye kitundu kidogo kilichozungukwa na utomvu mkavu, na ukiyapasua unakuta funza.

Karatasi hiyo inamtaja mdudu kwa jina la Bactrocera invadens, jina ambalo limekwisha kufutwa, na historia ya kufutwa kwake inafaa kujulikana na kila mkulima wa maembe. Nzi huyu aligunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003, na mwaka 2005 akatangazwa kuwa spishi mpya. Watafiti wa nchi mbalimbali walipomlinganisha na Bactrocera dorsalis wa Asia, waliona kuwa wakiwekwa pamoja wanajamiiana bila kubaguana, watoto wao wanazaa, vinasaba vyao haviwatenganishi, na harufu ambayo madume huitengeneza baada ya kula methili eujenoli ni ileile. Mwaka 2015 wakahitimisha kuwa ni spishi moja. Ndugu yao wa karibu, Bactrocera carambolae, aliachwa na jina lake, na miongoni mwa tofauti zake ni kwamba dume wake, akila kemikali hiyohiyo, hutengeneza kimoja tu kati ya viambato viwili vikuu vinavyopatikana kwa dorsalis. Kwa macho ni vigumu kuwatenganisha, lakini harufu ya kumwita jike inawatofautisha, na mimi ninaona hilo kuwa jambo la ajabu kabisa katika maisha ya mdudu anayetuharibia maembe. Mtengenezaji angeweka jina sahihi, mnunuzi angefahamu kuwa maarifa yote ya Asia kuhusu dorsalis yanamhusu na yeye.

Je, kuwaua madume kunatosha? Katika kisiwa cha Rota, kwenye Bahari ya Pasifiki, njia hii ilimwondoa kabisa nzi huyu miaka ya 1960, lakini kile ni kisiwa kidogo na kazi ilifanyika kisiwa kizima. Dar es Salaam viwanja vimebanana, dume mmoja aliyenusurika anaweza kupanda majike kadhaa, na jike aliyekwisha kupandwa kwa jirani anavuka ukuta akiwa na mbegu tayari mwilini. Isitoshe, majaribio ya Hawaii yameonyesha kuwa madume wasioijali harufu hii wakichaguliwa kuzalisha, watoto wao wa kiume nao huvutwa nayo kidogo kuliko kawaida. Yaani tabia hiyo hurithiwa.

Plastiki ni imara na mfuniko haukuvujisha hata mvua za vuli zilipokuwa kubwa, ila waya wa kutundikia ni mwembamba na unashika kutu upesi. Anayeununua achukue pia chambo cha protini, ambacho huwavuta majike wanaohitaji protini ili mayai yao yakomae, aokote maembe yaliyoanguka na kuyafunga kwenye mfuko wa plastiki juani, na awashawishi majirani watundike mitego yao. Nzi wa maembe wa asili ya Afrika, Ceratitis cosyra, hafuati methili eujenoli, wala nzi wa jamii ya maboga haifuati. Kwa hiyo mwenye bustani ya matikiti au matango asinunue mtego huu. Aulize dukani kivutio kinachomhusu nzi wake.