Steshenari ya Mwenge ya kuombea chuo: nyota nne

Nilimpeleka mdogo wangu aliyesoma EGM (uchumi, jiografia na hisabati), king'ang'anizi wa BCom, yaani shahada ya biashara, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM). Kijana wa kaunta hakukimbilia kujaza fomu. Alifungua kwanza mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa waliomaliza kidato cha sita, akamweleza dogo kwamba kutimiza sifa za chini hakumpi kiti; wenye sifa ni wengi, na alama ndizo zinazochuja. Akamshauri aombe na Chuo Kikuu Mzumbe. Hapo nikamkubali.

Kilichonifurahisha zaidi: aliandika namba ya simu ya dogo mwenyewe, si ya duka. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, namba ya siri ya kuthibitisha inakuja kwa meseji. Sasa ikienda kwenye simu ya mtu wa steshenari aliyefunga duka?

Nikauliza kuhusu kuhama kutoka chuo kingine baadaye. Akasema wazi hilo wanaamua vyuo, yeye hauzi.

Nyota moja nimekata kwa bei. Ukutani wameandika elfu tano, kumbe skani ya vyeti ni pembeni. Nendeni asubuhi, feni ni moja.