Chuo cha udaktari cha Kirksville, Missouri: ulipie nafasi au uiache?

Habari zenu wadau, karibuni. Bidhaa ya leo haina boksi la kufungua. Bei yake, ada peke yake kwa miaka yote minne, inapita dola 240,000, na ukiinunua kwa kukosea hakuna duka la kuirudisha. Tunachambua Kirksville College of Osteopathic Medicine, kwa kifupi KCOM, kilichopo mji wa Kirksville, kaskazini mwa jimbo la Missouri, Marekani. Video hii namlenga hasa mtu ambaye ameshapata barua ya kukubaliwa, tarehe ya kulipia nafasi inakaribia, na kila anayemuuliza anamjibu lake.

Suala la herufi tulimalize upesi. DO, yaani daktari aliyesomea osteopathia (udaktari wa kawaida pamoja na tiba ya mikono) kwenye chuo kama hiki, kwa Marekani ni daktari kamili kama MD, yule wa chuo cha udaktari cha kawaida. Anaandika dawa, anapasua, anasomea ubingwa wowote, na anapewa leseni katika majimbo yote 50. Usimchanganye na osteopath wa Uingereza, yule hana leseni ya udaktari. Leo zaidi ya robo ya wanafunzi wote wa udaktari Marekani wako vyuo vya DO, na tangu Juni 2020 mafunzo ya ubingwa ya DO na MD yako chini ya chombo kimoja, ACGME. Katika Match ya 2025, yaani ule mfumo wa kuwapangia wahitimu nafasi za ubingwa, waliokuwa mwaka wa mwisho wa DO walipata nafasi kwa asilimia 92.6, wa MD asilimia 93.5.

Ukiishia hapo utasema hakuna tofauti. Ipo, na imejificha ndani ya hizo asilimia. Tiba ya familia, magonjwa ya ndani, watoto, dharura, magonjwa ya akili: huko DO anaingia bila shida kubwa. Upasuaji wa ubongo, upasuaji wa kurekebisha maumbile, ngozi, mifupa: huko mlango ni mwembamba, na programu nyingine za ubingwa zina historia fupi sana ya kuchukua DO. Kama moyo wako uko kwenye ngozi na barua ya chuo cha MD unayo pia, hata cha kawaida tu, chukua cha MD. Sioni haja ya kuzunguka.

Sasa KCOM yenyewe. Ndicho chuo cha kwanza cha osteopathia duniani, kilianzishwa na Andrew Taylor Still mwaka 1892, na jumba lake la makumbusho liko hapohapo chuoni. Faida ya uzee huo ni mtandao wa wahitimu waliotapakaa kila jimbo, basi. Angalizo moja ambalo watu wanalikosea kila mwaka: A.T. Still University ina vyuo viwili vya DO. Kimoja hiki cha Kirksville, kingine kiko Mesa, Arizona, kinaitwa SOMA, na kile kinawapeleka wanafunzi kwenye vituo vya afya vya jamii kuanzia mwaka wa pili. Jina la chuo kikuu ni moja lakini mitaala ni miwili. Soma kichwa cha barua yako vizuri.

Miaka miwili ya kwanza unakaa Kirksville. Mji una wakazi kama 17,000. Mji wa Columbia uko kama kilomita 145 kusini kwa barabara ya 63, na treni ya Amtrak inasimama La Plata, kama kilomita 20 kutoka mjini. Bila gari utateseka, na baridi yake si ya koti la mtumba la Aprili. Upande mzuri, kodi ya nyumba ni nafuu ukilinganisha na miji mikubwa.

Na hapa kuna jambo ambalo watazamaji wetu wengi hawalijui: Kirksville ina jamii kubwa ya Wakongo, wengi walifika kwa bahati nasibu ya grini kadi na wanafanya kazi kwenye viwanda vya nyama, kikiwemo cha Milan, mji wa jirani. Kilingala na Kifaransa ndivyo vinavyosikika zaidi, ila wa Kiswahili hukosi. Kwa mwanafunzi wa lugha zetu ni faraja, tena ni fursa ya kazi za jamii zenye maana. Ila usikubali kugeuzwa mkalimani wa wodini kwa sababu tu unaijua lugha. Hospitali inatakiwa kutumia wakalimani wenye sifa, na ukitafsiri kipimo cha dawa vibaya, lawama itakufuata wewe.

Darasani utasoma anatomia, fiziolojia, famasia na kadhalika, kama popote. Cha ziada ni tiba ya mikono, OMM, takriban saa 200. Utajifunza kumweka mgonjwa katika mkao unaolegeza msuli na kumshikilia sekunde 90. Utajifunza mbinu ya msuli kusukumana na mkono wako kwa sekunde tatu hadi tano, mara tatu hadi tano. Kwa maumivu ya mgongo, ushahidi wake si haba. Kwa tiba ya kupapasa mifupa ya fuvu, ushahidi ni dhaifu, nasema wazi. Lakini vyote vinatoka kwenye COMLEX, mtihani wa leseni wa DO, pamoja na vinundu vya Chapman, yaani vivimbe vidogo chini ya ngozi vinavyosemekana kuashiria ugonjwa wa kiungo cha ndani: utaulizwa kile cha kidole tumbo kiko wapi, na jibu ni ncha ya ubavu wa 12 wa kulia. Uamini usiamini, utakariri. Anayeidharau OMM tangu mwanzo hupoteza alama za bure.

Mitihani: COMLEX ni lazima kwa DO. USMLE, ya wenzetu wa MD, ni hiari. Level 1 ya COMLEX na Step 1 ya USMLE zote tangu 2022 zinatoa jibu la kufaulu au kufeli tu. Kwa hiyo uzito umehamia kwenye hatua ya pili, na Step 2 CK inatoa namba ambayo wakuu wa programu wanaielewa kwa haraka. Unalenga tiba ya familia? COMLEX inatosha kwa programu nyingi. Unalenga fani yenye ushindani? Panga kufanya zote mbili, na ujue kwamba Step 1 ukiianguka, hiyo rekodi haifutiki eti kwa sababu mtihani ulikuwa wa hiari.

Tuingie kwenye roho ya uchambuzi: mwaka wa tatu na wa nne, ya mafunzo ya hospitalini. Kirksville ni mji mdogo na hospitali yake ni ndogo, haiwezi kubeba darasa zima. Kwa hiyo chuo kinawatawanya wanafunzi kwenye kanda zake, Missouri kwenyewe na majimbo mengine. Maana yake unachonunua si Kirksville tu. Unanunua kanda utakayopangiwa, na wanafunzi wawili wa darasa moja wanaweza kupata elimu mbili tofauti kabisa.

Tofauti inatokea hivi. Kanda moja mwanafunzi anazungushwa wodini na timu: daktari bingwa, madaktari walioko kwenye mafunzo ya ubingwa, wanafunzi. Anampokea mgonjwa usiku, anaandika maelezo, asubuhi anamwasilisha mbele ya watu na kusahihishwa. Kanda nyingine mwanafunzi anakaa kliniki na daktari mmoja msimamizi, wagonjwa ni wa kutwa, na saa nyingine kazi yake ni kusimama nyuma akiangalia. Huyu wa pili anaweza kuwa na daktari mwema sana na akajifunza mengi, lakini akienda mwaka wa nne kufanya rotesheni (zamu ya mafunzo) ya majaribio kwenye hospitali kubwa, wiki ya kwanza anatota: hajazoea kuwasilisha mgonjwa, hajui maagizo ya kulaza yanapangwaje. Rotesheni hiyo ndiyo usaili wako wa wiki nne. Na barua za mapendekezo zenye uzito hutoka kwa madaktari wanaofundisha ngazi ya ubingwa. Kama hujawahi kukutana nao, nani atakuandikia?

Kwa hiyo kabla ya kulipa, iandikie ofisi ya udahili barua pepe, usipige simu, ili majibu yabaki kwenye maandishi. Uliza kanda zinagawiwa kwa kura, kwa chaguo au kwa alama, na utaijua yako lini. Uliza katika kila kanda, magonjwa ya ndani na upasuaji vina wiki ngapi za wodini, na kama kuna programu ya ubingwa katika hospitali hiyo. Uliza umbali kati ya vituo na nani analipia malazi. Kisha tafuta mwanafunzi wa mwaka wa nne wa kanda unayoitaka. Wa mwaka wa kwanza atakusifia tu, hajafika huko.

Takwimu nazo zina ujanja. Chombo cha ithibati, COCA, kinavitaka vyuo vya DO vichapishe ufaulu wa COMLEX na kiwango cha wahitimu waliopata nafasi za ubingwa. Ukizipata, angalia kama ufaulu ni wa mara ya kwanza au wa jumla baada ya kurudia. Angalia kama nafasi ya muda ya mwaka mmoja tu imehesabiwa kama ubingwa. Halafu fanya hesabu yako: darasa liliingia watu wangapi, na miaka minne baadaye walihitimu wangapi? Walioachwa njiani hawaonekani kwenye asilimia ya waliofika mwisho.

Pesa. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imebadilisha kila kitu kwa anayeanza kukopa kuanzia Julai 1, 2026. Mkopo wa Grad PLUS, uliokuwa unaziba pengo lote, haupo tena kwake. Mwanafunzi wa udaktari anakopa serikalini hadi dola 50,000 kwa mwaka, jumla 200,000. Ada imeshapita 60,000 kabla hujala wala hujalala. Tuchukulie gharama zako zote kwa mwaka ni 95,000: pengo ni 45,000, mara nne ni 180,000, na hilo ni la benki binafsi. Benki itataka mdhamini mwenye historia nzuri ya mikopo, kitu ambacho familia iliyofika Marekani juzi mara nyingi haina. Tena msamaha wa mkopo baada ya malipo 120 kwa wafanyakazi wa taasisi za umma na zisizo za faida haugusi deni la benki.

Mwenye grini kadi anaruhusiwa mkopo wa serikali. Ufadhili wa jeshi wa HPSP na ule wa NHSC wa maeneo yenye uhaba wa madaktari unataka uraia, kwa hiyo kama unakaribia kuapishwa, kuahirisha mwaka mmoja kunaweza kukuokolea pesa nyingi kuliko bidii yoyote ya kubana matumizi. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, hapati mkopo wa serikali kabisa, na vyuo vingi vya Marekani vinamtaka aonyeshe pesa mapema.

Wewe uliyeko Muhimbili, KCMC au Nairobi na shahada yako ya udaktari iko karibu, video hii haikuhusu. Usianze upya. Njia yako ni cheti cha ECFMG, chombo kinachowathibitisha madaktari waliosoma nje ya Marekani: Step 1, Step 2 CK, mtihani wa Kiingereza wa OET, halafu Match.

Na kama mpango wako ni kusoma Kirksville kisha kurudi kufanya kazi nyumbani, andika kwa Baraza la Madaktari Tanganyika au KMPDC ya Kenya sasa hivi. Taja chuo, taja shahada ya DO, uulize masharti ya usajili, na usubiri jibu lenye muhuri. Fedha ya kushikilia nafasi kwa kawaida hairudi, hivyo jibu la baraza lije kwanza, malipo yafuate.